Mitaa ya Miji na Afya ya Watu Wakaao Ndani Yake

Yako maneno tunayoyasikia mara nyingi katika vijiji vyetu vya Buha, tangu Kasulu hata Kibondo, ya kwamba mji huua watu. Mzee akimwona kijana amerudi kutoka Dar es Salaam amekonda na kukohoa, husema, "Ni mji huo." Wengine hujibu kwamba mji ndio uzima, maana huko kuna waganga wengi, hospitali kubwa na maji ya bomba. Maneno yote mawili yana kweli ndani yake, lakini hakuna hata moja litoshalo. Kwa hiyo tumeona vema kuzichungua habari za zamani, tupate kujua ni kitu gani hasa katika njia na mitaa ya mji kiletacho maradhi, na ni kitu gani kiyaondoacho.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la watu wa mjini peke yao. Sisi wa Kagerankanda nasi twajenga mji pasipo kujua. Nyumba zakaribiana kando ya njia, maduka yaongezeka, pikipiki hupita mchana na usiku. Mji huja nyumba moja moja, hata siku moja watu hutazama wakaona kwamba umekwisha kuwapo, wala hapana nafasi tena ya kupitishia mfereji.

1. Wazee wetu walivyokaa

Zamani Waha hawakukaa kwa safu za nyumba. Kila mwenye nyumba alijenga mahali pake mlimani, akawa na migomba yake, na ng'ombe wake, na shamba lake, na jirani yake alikuwa mbali. Taka za nyumbani zilirudi migombani, zikawa mbolea. Maji yalitoka katika chemchemi. Hatusemi kwamba wazee hawakuugua. Ndui iliwaua wengi, na homa, na funza walipofika nchi hizi katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 waliwalemaza watu miguu. Lakini yale maradhi yapitayo katika uchafu wa mwanadamu na kuingia katika maji ya jirani yake, hayo hayakupata njia nyepesi.

Mji uliokuwa karibu ni Ujiji, pale ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walifika huko mwaka 1858, na mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone papo hapo. Misafara ya pembe na ya watumwa ilipitia Ujiji, na pamoja na misafara yalisafiri maradhi. Mahali watu wa nchi nyingi wakutanapo, maradhi yao nayo hukutana.

Kisha, katika miaka ya 1930, ulikuja ugonjwa wa malale, uenezwao na mbung'o. Serikali ya Waingereza ilikuwa na mganga wake wa malale, Dokta Maclean, na shauri lake lilikuwa hili: watu waliotawanyika porini wakusanywe mahali pamoja, wawe wengi wa kutosha kufyeka pori pande zote, maana mbung'o hupenda kivuli cha vichaka. Watu wengi wa Buha wakahamishwa. Wengine waliacha mashamba na makaburi ya baba zao kwa uchungu mwingi, na nchi walizoziacha zikageuka kuwa pori la wanyama. Lakini pale pori lilipofyekwa vema, mbung'o walikimbia.

Mara ya pili watu walikusanywa tangu mwaka 1972, ilipoanza operesheni ya kuhamia vijijini katika mkoa wa Kigoma. Mwaka 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashamba wawe wamekaa katika vijiji. Safari hii sababu ilikuwa shule, zahanati na maji. Basi katika muda wa maisha ya mtu mmoja, watu wetu walitolewa mlimani mara mbili, wakawekwa nyumba kwa nyumba. Hapo twapata jambo la kwanza la kukumbuka. Kukaribiana kwa nyumba si ugonjwa, na tena kwaweza kuponya, kama tulivyoona katika habari ya mbung'o. Lakini watu wakiisha kukaribiana, mambo ambayo zamani mlima uliwafanyia bure, yaani kuondoa taka, kusafisha maji na kuleta hewa, sasa wapaswa kuyafanya wenyewe kwa mikono yao.

2. Kisima cha Broad Street

Waingereza walijifunza neno hili kwa vifo vingi. Katika karne ya 19 mji wa London ulikua upesi kupita akili ya wenyeji wake. Watu walijazana katika vyumba, na chini ya nyumba yalikuwako mashimo ya choo yaliyovuja. Kipindupindu kilipokuja, waganga wengi waliamini kwamba chatoka katika uvundo wa hewa. Mganga mmoja, jina lake John Snow, hakuliamini neno hilo. Yeye alidhani kwamba ugonjwa wapita katika maji.

Mwishoni mwa Agosti, mwaka 1854, kipindupindu kiliushika mtaa wa Soho. Katika siku 10 watu zaidi ya 500 walikufa, wote wakikaa karibu na kisima kimoja cha pampu katika njia iitwayo Broad Street. Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza, Nani amekufa? Alikunywa maji ya wapi? Aliona kwamba katika nyumba kubwa ya maskini, iliyokuwa karibu sana na pale, watu waliokufa walikuwa wachache. Nayo ilikuwa na kisima chake yenyewe. Tena watu wa kiwanda cha pombe cha njia ile ile hawakufa, maana walikunywa pombe yao na maji ya kisima chao. Hewa waliyovuta watu wote ilikuwa moja. Maji ndiyo yaliyokuwa mbalimbali. Snow akawaendea wakubwa wa mtaa na hesabu yake, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa.

Hata hivyo wakubwa wengi hawakusadiki. Mwaka 1858 jua lilikuwa kali, na mto Thames, ulioingizwa uchafu wote wa mji, ulinuka hata wazee wa baraza la nchi wakashindwa kukaa karibu nao. Hapo fedha zikapatikana upesi, na fundi Bazalgette akajenga chini ya njia za London mifereji mikubwa ya kuchukua maji machafu mbali na watu. Msomaji aangalie: maskini walipokufa, shauri lilichelewa; uvundo ulipoingia madirishani mwa wakubwa, kazi ilianza. Desturi hii twaiona mahali pengi, wala haijakoma.

3. Unguja

Mji wa Unguja nao ulikuwa na njia nyembamba, na pwani yake ilitupwa taka za kila namna. Wasafiri wengi waliandika habari za uvundo wake, na Livingstone alipokuwapo mwaka 1866 aliulalamikia sana. Mwaka 1869 kipindupindu kikaingia. Mganga mmoja Mskochi, Dokta James Christie, aliyekaa Unguja wakati huo, alifuata nyayo za ugonjwa ule kwa subira, na mwaka 1876 akatoa kitabu. Alionyesha kwamba ulishuka kutoka nchi ya Wamasai hata Pangani, ukavuka bahari, ukaua maelfu ya watu kisiwani, kisha ukaenda bara tena pamoja na misafara. Livingstone, aliyekuwa Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alipata habari zake huko. Basi uchafu wa mji wa pwani ulifika hata nchi za jirani zetu, ukichukuliwa kwa miguu.

Mwaka 1870 Seyyid Barghash alianza kutawala. Mwaka 1875 alisafiri hata London, na katika miaka ya utawala wake alijenga mfereji wa kuleta maji safi ya chemchemi mpaka ndani ya mji wa Unguja. Mji ulibaki ule ule, na njia zake nyembamba zile zile. Lakini watu waliokuwa wakinywa maji ya visima vifupi kando ya vyoo walipata maji yaliyotoka mahali safi. Katika habari za sultani huyu watu hupenda kusimulia nyumba zake za fahari. Sisi twaona kwamba mfereji ule ulikuwa na fahari zaidi.

4. Mtaa, au mtu?

Hapa twafika penye neno gumu, ambalo kwa ajili yake hasa tumeandika. Ugonjwa ukitokea mtaani, watu huuliza upesi, "Nani ameuleta?" wala hawaulizi, "Njia gani imeupitisha?"

Mji wa Nairobi ulianza mwaka 1899, reli ilipofika pale kutoka Mombasa. Mahali penyewe palikuwa tope tupu. Wahindi wenye maduka walijenga soko lao la mbao na mabati, nyumba zikibanana, pasipo mifereji. Mwaka 1902 tauni ikatokea katika soko hilo. Zamani hizo wenye elimu walikuwa wamekwisha kujua habari za tauni: Yersin alivumbua kijidudu chake mwaka 1894, na Simond mwaka 1898 alionyesha kwamba viroboto vya panya ndivyo viienezavyo. Dawa basi ilikuwa kuondoa panya na taka, na kujenga mitaa yenye nafasi na mifereji. Lakini serikali ililichoma moto soko zima, na watu wengi wakasema kwamba kosa ni la Wahindi wenyewe. Tauni ikarudi katika miaka iliyofuata, kwa kuwa panya hawakujali rangi ya mtu. Kisha Profesa Simpson alitumwa kutoka Uingereza, naye akashauri kwamba kila taifa la watu litengewe mtaa wake, kwa ajili ya afya. Shauri la kuwatenga Wahindi katika miji ya Kenya liliachwa na serikali ya Uingereza mwaka 1923, lakini alama zake zilidumu.

Dar es Salaam ilifanywa vivyo hivyo. Wadachi, na Waingereza baada yao, waliugawa mji: Uzunguni kando ya bahari, penye miti, njia pana na upepo, Uhindini penye maduka, na Waafrika Kariakoo, jina lililotokana na kambi ya wapagazi wa vita iliyowekwa pale na Waingereza. Katikati waliacha uwanja wa Mnazi Mmoja. Walisema kwamba ni kwa sababu ya afya, mbu wasitoke kwa Waafrika kwenda kwa wengine. Lakini mbu hazaliwi na mtu mweusi. Huzaliwa katika maji yaliyosimama. Kama fedha za kutenga watu zingalitumiwa katika kukausha madimbwi ya mitaa yote sawasawa, watu wote wangalipona.

Neno hili lilithibitishwa baadaye mjini humo humo. Tangu mwaka 2004 ilianzishwa Dar es Salaam kazi ya kupigana na malaria mtaa kwa mtaa. Watu wa mtaa wenyewe walitembea kila juma wakatazama kila dimbwi, kila mfereji na kila shimo, wakaandika mahali penye viluwiluwi vya mbu, kisha wakatia dawa. Kazi ilienea katika kata 15, na malaria ilipungua. Hapakutengwa mtu, wala haikuchomwa nyumba.

5. Kagunga na jirani zetu

Wako watakaosema kwamba hizi ni habari za mbali. Basi na tutazame nyumbani. Mwezi wa Mei, mwaka 2015, watu makumi ya maelfu walikimbia kutoka Burundi, wakafika Kagunga, kijiji kidogo cha mkoa wetu kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Walilala ufukoni nje, maji yao ya kunywa yalikuwa ya ziwa, na vyoo havikuwatosha hata kidogo. Kipindupindu kikashuka. Katika majuma machache wagonjwa walizidi 3,000, na watu kama 30 walikufa. Wengine wangalikufa zaidi, kama wasingalipewa maji yenye chumvi na sukari ya kuwarudishia nguvu, na kama meli ya Liemba isingaliwachukua kidogo kidogo hata Kigoma, kisha wakaletwa kambini Nyarugusu.

Kambi hiyo ya Nyarugusu tunaijua sote, maana ni jirani yetu. Ilianza mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Warundi walipoongezwa mwaka 2015, watu walizidi 150,000, yaani mji mkubwa uliosimama mwituni. Zamani zile yalisikika maneno kwamba Warundi ni watu wachafu, nao ndio waletao kipindupindu. Maneno hayo ndugu zao ni yale ya Nairobi ya mwaka 1902. Mtu yeyote, awe Muha au Mrundi au Mwingereza wa Broad Street, akiwekwa mahali pasipo choo wala maji safi, ataugua ugonjwa ule ule. Tena Torati nayo iliwaagiza wana wa Israeli, walipokaa kambini, watenge mahali nje ya kambi na kufukia uchafu wao. Agizo hilo lilikuwa la wote, si la wageni peke yao.

6. Maradhi ya njia za siku hizi

Maji yakiisha kusafishwa, njia ya mji bado ina mambo mengine. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Watu wengi namna hiyo wana magari mengi, na magari yana moshi. Shirika la Afya Ulimwenguni lahesabu kwamba hewa chafu ya nje ilileta vifo vya watu kama 4,200,000 katika dunia yote mwaka 2019. Moshi na vumbi laini havishii puani. Huingia mapafuni, na kutoka huko hupita hata damuni, vikadhuru moyo.

Zamani hata petroli ilitiwa madini ya risasi, na risasi ile ilitoka na moshi, ikatua katika mavumbi ambamo watoto huchezea. Risasi hudhoofisha akili ya mtoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliiacha mwaka 2021. Watu husahau upesi ushindi wa namna hii, kwa kuwa mtoto aliyeokoka hajui kwamba aliokolewa.

Tena liko jambo la ajali. Barabarani hufa watu kama 1,190,000 kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, na wapandao baiskeli na pikipiki. Njia iliyotengenezwa kwa ajili ya gari tu, isiyo na pembe ya kupita mtoto aendaye shuleni, ni mtego. Na yako mafuriko: mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, na watu kama 40 walikufa, wengi wakiwa wamejenga mabondeni ambako maji yana njia yao tangu zamani. Mifuko ya plastiki ilizidisha shida hiyo kwa kuziba mifereji, na Tanzania iliikataza tangu tarehe 1 Juni 2019.

Na yule kijana akohoaye? Mara nyingi ni kifua kikuu. Koch alivumbua kijidudu chake mwaka 1882. Ugonjwa huu hupenda chumba chenye giza, walalamo watu wengi, dirisha limefungwa. Mwanga na hewa huudhoofisha, na dawa za miezi 6, zikimezwa bila kuacha hata siku moja, huuponya. Kwa hiyo mzee aliposema, "Ni mji huo," alikosa kidogo. Ni chumba kile. Na chumba kile chaweza kujengwa hata Kagerankanda.

7. Yatupasayo

Twayakusanya maneno yetu. Tusirudi milimani, maana hakuna mlima wa kututosha sote. Wala tusiingie mjini tukiwa tumefumba macho. Kabla viwanja havijagawanywa, na ipimwe njia kwanza, pana ya kutosha kupita gari na mtu na mfereji pamoja. Choo kichimbwe chini ya mteremko, na kisima juu yake, na kati yao zisipungue mita 30. Bonde la maji liachiwe maji. Kila nyumba iwe na madirishа mawili yanayoelekeana, hewa ipite. Miti ipandwe kando ya njia, maana kivuli hupunguza joto, na majani hushika vumbi. Taka zipewe mahali pake, mbali na soko na shule.

Haya hayahitaji fedha nyingi leo. Lakini mtu akiisha kujenga nyumba ya matofali juu ya njia ya mfereji, kuiondoa kwahitaji fedha, na kesi, na machozi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hili na liletwe katika mkutano wa kijiji kabla mvua hazijaanza. Wenye viwanja kando ya barabara watanung'unika wakiambiwa waache hatua chache, nasi twajua kwamba ardhi ni mali. Na waulizwe kwa upole, je, watoto wao watapita wapi, na maji ya mvua yatapita wapi?